Saa ya Kungoja Voi: Mazingatio ya Msafiri wa Reli

Wazee wetu wa pwani walisema kuwa msafiri kafiri. Hawakukusudia ukafiri wa itikadi, wala hawakumtoa mtu katika dini kwa sababu ya kubeba mzigo wake na kwenda ugenini. Walikusudia kwamba mtu akiwa safarini hula asichokizoea, hulala asipopajua, na kwa kuwa hapana amjuaye, huenda akajiona hadaiwi jambo na mtu yeyote. Methali hiyo ilikuwa onyo, lakini sisi tumeigeuza tukaifanya udhuru.

Na katika saa zote za safari, saa inayopotea zaidi ni ile ya kungoja. Gari la moshi limekushusha katika mji mdogo, na chombo cha kukupeleka mbele hakijafika. Umeambiwa ungoje saa mbili, pengine tatu. Hapo utawaona watu: mmoja analala juu ya mzigo wake, wa pili anagombana na muuza chai kwa sababu ya shilingi tano, wa tatu ameinamia simu yake hata shingo inamuuma. Kulala si vibaya kwa aliyechoka. Lakini ndugu msomaji, umri wetu ni rasilimali tuliyopewa kwa hesabu, na saa iliyopita ukiwa stesheni ni saa ya umri wako kama ile iliyopita ukiwa nyumbani kwako.

Katika makala haya napenda tuutazame mji mmoja mdogo wa reli ambao watu wengi wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu wamewahi kuupita, na wengine wamewahi kungojea hapo. Mji huo ni Voi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba aliye na saa tatu Voi ana kitabu kikubwa mbele yake, na kwamba katika kitabu hicho yamo majina ya jamaa zetu ambayo hayajaandikwa bado.

MJI ULIOZALIWA NA KUNGOJA

Kabla ya reli, msafiri aliyetoka Mombasa kwenda bara alikabiliwa na nyika ya Taru. Ilikuwa ni miti ya miiba, vumbi jekundu, na maji ya kubahatisha. Misafara ilitegemea mashimo ya mwamba yaliyohifadhi maji ya mvua. Mvua ikikosa, mashimo yalikauka, na wapagazi walilazimika kwenda kwa mwendo wa haraka, usiku na mchana, hadi kwenye vilima vya Maungu na Ndara upande wa Taita. Walioshindwa waliachwa njiani.

Njia hiyo waliijua watu wa pwani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alipokwenda mpaka akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake, aliyemwongoza alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri, kiongozi wa misafara. Vitabu vya Ulaya vilimpa Rebmann sifa ya kuuona mlima, na ni kweli aliuona. Ila Bwana Kheri alikuwa akiijua njia kabla yake, ndiyo sababu aliajiriwa. Hapa msomaji aanze kutia alama, kwa kuwa jambo hili litajirudia: anayetajwa ni mmoja, na walioibeba kazi ni wengi.

Jina la Voi lenyewe watu hulihusisha na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara baina ya bara na pwani, na ambaye aliuawa mwaka 1851 katika safari ya upande wa mto Tana. Mto uliopita hapo ndio uliofanya mahali pawe pa kupumzikia, kwani baada ya ukame wa Taru, mto, hata ukiwa mdogo, ni rehema.

Kisha ikaja reli. Serikali ya Kiingereza ilianza kuitandika kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwisho wa mwaka 1897 ilikuwa imefika Voi, mwendo wa yapata kilomita 160. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikafika Kisumu kwenye ziwa. Injini za siku hizo zilikuwa za moshi kwelikweli: zilikula kuni na kunywa maji mengi. Basi stesheni haikuwekwa popote tu. Iliwekwa penye maji au panapoweza kuletewa maji, na pale ambapo gari moja lingeweza kulingoja jingine lipite. Kwa maana hiyo miji mingi ya njia hii ilizaliwa na kungoja. Gari lilingoja maji, abiria wakalingoja gari, mwenye chai akawangoja abiria, na mwenye duka akamfuata mwenye chai. Baada ya miaka michache pakawa na soko, msikiti, kanisa, shule na polisi.

Katika miaka ya mwanzo magari hayakuwa na behewa la chakula, na Voi ndipo yaliposimama ili abiria washuke wale chakula cha usiku katika nyumba ya wageni ya serikali. Hayo yalikuwa ya wenye tikiti za juu. Daraja la tatu, ambalo ndilo walilopanda Waafrika, lilikuwa na mabao ya kukalia na chakula cha mfukoni. Wazee waliosafiri hivyo walikuwa wakisimulia habari ya mahamri yaliyokauka na chupa ya chai iliyopoa, na walisimulia kwa kucheka, wala si kwa uchungu. Ila sisi tunaosikia tusisahau kwamba wote walilipa nauli, na gari lilikuwa moja.

WALIOILAZA RELI

Msafiri anayengoja Voi, na ashuke kidogo kutoka kwenye jukwaa la stesheni ya zamani, ile iliyomo ndani ya mji, aziangalie reli zenyewe. Chuma kile kilibebwa kwa mabega. Waliokibeba ni akina nani?

Serikali ya Kiingereza ilileta vibarua kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya India na Pakistan. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi, na Masingasinga, na Mabaniani. Hesabu yao ilihifadhiwa vizuri, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mkataba. Walikuwa 31,983. Kazi ilipokwisha, waliorudi kwao walikuwa 16,312. Waliorudishwa kwa ugonjwa na ulemavu walikuwa 6,454. Waliobakia katika nchi hizi walikuwa 6,724, na hao ni mababu wa baadhi ya jirani zetu. Waliokufa walikuwa 2,493.

Tuizingatie hesabu hiyo ya mwisho. Reli kutoka Mombasa mpaka ziwani ilikuwa na urefu wa maili zipatazo 582. Ukigawanya, kila maili moja ilikula zaidi ya watu wanne. Kutoka Mombasa mpaka Voi ni maili mia moja. Kila mtu na apige hesabu mwenyewe, akiwa ameketi pale kwenye benchi.

Waliua nini watu hao? Iliwaua homa ya malaria, iliwaua tumbo la kuhara damu, yaliwaua majeraha ya kazi na vidonda vya miguu. Katika nyika ya Taru maji ya kunywa yalibidi yaletwe kwa gari lenyewe, na wanyama wa kuvuta mizigo walikufa kwa mbung'o. Lakini watu wakiulizwa leo, hutaja sababu moja tu: simba wa Tsavo.

Tsavo ni mbele ya Voi kidogo, upande wa Nairobi. Mwaka 1898, wakati daraja la mto huo likijengwa, simba wawili walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwatoa watu mahemani. Kazi ilisimama. Mhandisi wa daraja, Mwingereza John Patterson, aliwaua wote wawili mwezi Desemba mwaka huohuo. Je, waliwala watu wangapi? Vibarua wa Kihindi walioandikwa ni 28. Patterson baadaye alitaja 135. Wataalamu waliopima mifupa na nywele za simba hao walitoa makadirio yao mwaka 2009, wakasema ni watu wapatao 35. Kwa nini hesabu zinahitilafiana hivyo? Sababu moja ni kwamba Waafrika walioliwa hawakuandikwa. Patterson mwenyewe alikiri katika kitabu chake kwamba hesabu yao rasmi haikuwekwa. Kibarua wa Kihindi alikuwa na mkataba, kwa hiyo kifo chake kilihitaji karatasi. Mwafrika wa kutwa hakuwa na karatasi alipokuja, na hakupewa karatasi alipokwenda.

Ama simba wenyewe, ngozi zao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba moja la makumbusho mjini Chicago, Marekani, nao wamo humo mpaka leo, wamejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo, na watu huwatazama. Basi fikiri, ewe msomaji: mnyama aliyekula ana kibandiko cha jina, na mja wa Mungu aliyeliwa hajulikani alikuwa mtoto wa nani.

MSIKITI WA KANDO YA RELI

Mmoja miongoni mwa watu wa kazi ile alibakia na jina. Kabla hujafika Voi ukitoka Mombasa, baada ya Samburu na Taru, unapita mji mdogo wa Mackinnon Road. Ulipewa jina la William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu hizi kabla ya serikali, ambayo ilianza kuchonga barabara ya magari ya ng'ombe kuelekea bara. Hapo, kando kabisa ya reli, upo msikiti, na ndani ya eneo lake lipo kaburi la Sayyid Baghali.

Husimuliwa kwamba alikuwa mtu wa Punjab, miongoni mwa waliokuja kuijenga reli, na kwamba alikuwa mcha Mungu. Wenziwe, wanasema wasimulizi, waliona karai la mchanga au la kokoto likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa wakati wa kazi. Habari za karama hatuzikani wala hatuzijengei nyumba; Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Lililo wazi ni kwamba wasafiri wa njia ile, Waislamu na wasio Waislamu, wamelipa heshima kaburi hilo kwa muda mrefu, na msikiti ule umewapa maji, kivuli na mahali pa kusalia watu wasiohesabika.

Nami naongeza neno moja. Anayesimama hapo kumwombea dua marehemu amefanya jambo jema, maadamu anamwomba Mungu wala hamwombi aliyezikwa. Ila akimaliza, asisahau kwamba karai lile, likiwa lilielea kwa mmoja, kwa maelfu ya wenziwe halikuelea. Liliwakaa kichwani kwa uzito wake wote, kutwa, katika jua la Taru. Wengi wao walikuwa wakisali kama yeye. Dua moja na iwafikie wote.

NJIA PANDA YA VITA

Turudi Voi. Kilichoutofautisha mji huu na stesheni nyingine za nyika ni kwamba ukawa njia panda. Reli moja inakwenda Nairobi, na nyingine ilikatwa kwenda Taveta na kuungana na reli ya Moshi. Watu wengi wamengojea Voi kwa sababu ya njia panda hiyo, lakini si wengi wanaojua kwamba haikujengwa kwa ajili ya abiria wala mizigo ya biashara. Ilijengwa kwa ajili ya vita.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika walivuka mpaka wakaiteka Taveta. Kutoka huko walikuwa wakipeleka vikosi vidogo kuja kutega baruti kwenye reli ya Mombasa, sehemu hizihizi za Voi na Tsavo. Waingereza nao mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, ikafika Maktau, na baadaye Taveta, ili wapeleke majeshi. Februari 1916 walipigana kwenye kilima cha Salaita, wakashindwa. Katika vita hivyo kikosi cha Kibaluchi cha jeshi la India, ambacho kilikuwa na Waislamu wengi, ndicho kilichowakinga askari wa Afrika Kusini waliokuwa wakirudi nyuma. Machi 1916, chini ya Jenerali Smuts, Waingereza walivuka vilima vya Latema na Reata, na mwaka huohuo reli ya Voi ikaunganishwa na ile ya Kijerumani huko Kahe.

Katika mji wa Voi yapo makaburi ya vita hivyo. Ni mahali palipotunzwa, mawe yamepangwa kwa safu, na kila jiwe lina jina, cheo, kikosi na tarehe. Wengi wa waliozikwa ni askari wa Afrika Kusini na Uingereza. Msafiri mwenye saa tatu anaweza kuuliza njia akaenda. Kuingia makaburini kwa mazingatio hakumdhuru Muislamu, hata kama waliolala si wa dini yake, na kuyasoma majina ya vijana waliokufa mbali na mama zao kunalainisha moyo.

Lakini ukisha kuyasoma yaliyoandikwa, jiulize juu ya yasiyoandikwa. Jeshi lile halikubebwa na reli peke yake. Reli ilipokoma, mizigo ilibebwa na watu: unga, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande, na majeruhi wenyewe. Waingereza waliita kikosi hicho kwa lugha yao, na sisi ulimi wetu ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam, na ya Kariokor ya Nairobi. Leo ukisema unakwenda Kariakoo watu hudhani unakwenda kununua kitambaa au samaki. Hapo palikuwa ni kambi ya wapagazi wa vita.

Walichukuliwa kutoka kila upande: Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo, Wataita, Wamijikenda, na watu wa miji yetu ya pwani. Baadhi walikwenda kwa hiari, na wengi walikamatwa. Walikufa kwa homa, kwa kuhara na kwa njaa kuliko walivyokufa kwa risasi. Hesabu ya Waingereza wenyewe iliwafikisha wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki kupita 95,000, na karibu nusu yao walitoka Kenya. Waliotafiti baadaye wamesema walikuwa zaidi ya hapo.

Makaburi yao yako wapi? Mwaka 1927 sanamu ya askari ilizinduliwa Dar es Salaam, na nyingine kama hizo zikawekwa Nairobi na Mombasa, zenye maneno ya kuwasifu askari na wapagazi kwa ujumla, mojawapo ya maandishi yake ikiwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Walisifiwa kwa jumla, lakini jina la mtu mmojammoja halikuwekwa. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza makaburi kama hayo ya Voi, ilitoa ripoti ikakiri kwamba baada ya vita hivyo watu baina ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa bila usawa na wenzao wa Ulaya. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000 hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri ni hatua. Lakini baada ya miaka mia moja, ni nani atakayeyajua majina hayo, ikiwa hata wajukuu hawakuyauliza?

SAA TATU ZITUMIKEJE

Sasa nawaelekea wasafiri wenyewe. Tangu mwaka 2017, reli mpya ilipofunguliwa baina ya Mombasa na Nairobi, lile gari la zamani la usiku liliondoka katika kazi ya abiria. Reli mpya ina stesheni yake nje kidogo ya mji, na gari linalosimama njiani humshusha hapo mtu aendaye Wundanyi, Mwatate au Taveta, ambaye atatafuta gari la barabara kumpeleka mbele. Kwa hiyo kungojea Voi kungaliko. Mwenye kungoja na afanye nini?

La kwanza ni sala. Kutoka Mombasa hadi Voi ni masafa yanayomruhusu msafiri, kwa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, kuzipunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Magharibi haipungui, wala Alfajiri. Lakini akiingia katika msikiti wa mji akasali nyuma ya imamu ambaye ni mkaazi, hutimiza rakaa nne pamoja naye. Tazama adabu iliyomo katika hukumu hiyo. Ruhusa ni yako ukiwa peke yako. Ukijiunga na wenyeji, unakwenda kwa mwendo wao. Anayeishika adabu hiyo katika sala ataishika pia sokoni na barazani.

La pili ni chakula. Usilipuuze soko la Voi. Ni mahali ambapo mazao ya milima ya Taita hukutana na bidhaa za pwani: mboga, ndizi na matunda kutoka juu, nazi na samaki kutoka kwetu. Nunua kwa mwenye kuuza chini, na usimpunguzie bei mama mwenye mafungu matatu ya nyanya hali wewe umeingia kwa gari la kifahari. Shilingi hiyo kwako ni chenji, kwake ni unga wa jioni.

La tatu ni kutazama. Simama mahali pa wazi, uangalie vilima. Upande wa kusini ni Sagala, ambako wamisionari wa Kiingereza walianza kukaa mwaka 1883. Upande wa magharibi ni milima ya Wataita, watu waliolima kwa mifereji na kuishi juu kwa sababu chini palikuwa na ukame na wavamizi. Nyuma ya mji ni mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, ambayo lango lake moja kubwa liko hapohapo Voi. Saa tatu hazitoshi kuingia humo, wala hapana haja. Ndovu wa Tsavo mara nyingi huonekana kutoka dirishani mwa gari, wamejipaka udongo mwekundu.

La nne ni kunywa maji, na nalitaja makusudi. Katika miaka ya 1950 bomba lilitandazwa kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, kuleta maji Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, likikatiza katika nyika ileile. Voi nayo hupata maji kutoka bomba hilo. Basi mtu wa Mombasa akinywa gilasi ya maji stesheni ya Voi, huenda anakunywa maji ambayo yangemfikia kwao. Katika nyika ambayo wapagazi waliangukia kwa kiu, maji yanapita chini ya ardhi kuja kututawadhisha sisi. Asiyeshukuru kwa hili, atashukuru kwa lipi?

La tano, nalo ndilo kubwa kwangu, ni kuuliza. Mtafute mzee. Kila stesheni ina mzee wake: mstaafu wa reli, mshona viatu, au mwenye kibanda cha kahawa. Msalimie kwa heshima, mnunulie kikombe, kisha muulize: gari la Taveta lilikuwa likiondoka saa ngapi? Nani alikuwa stesheni masta wa kwanza unayemkumbuka? Ilikuwaje mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika? Familia ngapi zilibakia upande huu na jamaa zao wako Moshi? Mambo hayo hayamo katika vitabu vyote, lakini yamo vifuani, na kifua hakidumu.

Na wewe mama uliye safarini na watoto, usiwakemee wanapouliza maswali. Mtoto akiuliza reli hii imejengwa na nani, usimwambie "na Wazungu" ukanyamaza. Mwambie iliamrishwa na Waingereza, ikapimwa na wahandisi wao, ikalazwa na watu wa Punjab, ikabebewa mizigo na watu wa hapa, na kwamba wengi wao hawakurudi majumbani mwao. Mtoto atakumbuka. Mtoto husahau somo la darasani akalikumbuka lile aliloambiwa akiwa amesimama juu ya kitu chenyewe.

JINA LA BABU YAKO

Mtu anaweza kusema: sheikh, hayo yamepita, yatatufaa nini? Nasema yatatufaa kwa sababu tumeamrishwa tutembee katika ardhi tuzingatie habari za waliotutangulia, na hatukuambiwa tuzingatie habari za wafalme tu. Yatatufaa pia kwa sababu umma usiowajua waliobeba mizigo yake huwa mwepesi wa kuwadharau wanaoibeba leo: hamali wa stesheni, mfagizi wa behewa, mlinzi wa usiku. Anayejua kwamba babu yake alikuwa mpagazi hatamtupia hamali pesa chini.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila nyumba isomayo gazeti hili. Muda bado upo, lakini si mwingi. Waliokwenda vitani 1914 wamekwisha kufa wote, na watoto wao nao wengi wametangulia. Waliobaki ni wajukuu, nao sasa ni wazee wenye kuchoka. Waulizeni. Katika ukoo wetu, nani alikwenda Kariakoo? Nani alifanya kazi ya reli? Aliitwa nani, mtoto wa nani, alitoka mtaa gani, na alirudi au hakurudi? Jibu likipatikana, liandikeni katika daftari la nyumba, penye tarehe za kuzaliwa watoto. Karatasi moja inatosha. Serikali na tume za ng'ambo zitafanya zao au hazitafanya, lakini jina la babu yako hakuna aliye na haki nalo zaidi yako.

Na siku utakayojikuta Voi, chombo kimechelewa, jua kali, na mtu wa pembeni yako ameanza kulalamika kwamba saa zinapotea bure, msogelee umwambie habari ya maili mia moja. Kisha nyanyueni mikono pamoja, muwaombee waliotangulia: wenye majina na wasio na majina, wenye makaburi na walioachwa chini ya miiba ya Taru. Mwenyezi Mungu anawajua mmoja mmoja, wala hahitaji jiwe wala daftari. Sisi ndio tunaohitaji.